Mashine Zilizokufa Alasiri

Moaz Elgindi alikuja kuhojiwa akiwa amevaa koti la safari. Hakuwa anasafiri siku hiyo. Alieleza kwamba makoti yake mengine yameshatangulia Muscat pamoja na mkewe, na Aleksandria wakati wa dhoruba haikai mtu na shati.

Shahinda Wagdi alimwonyesha kiti. Chumba alichopewa na kampuni kilikuwa ghala la zamani la karatasi, ghorofa ya tatu, katika mtaa wa Smouha, na dirisha lake lilivuja kila upepo ulipogeuka kutoka baharini. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya chini na subira ya mshona nguo. Programu ikifa na watu wakaanza kunyoosheana vidole, yeye ndiye aliyeitwa kutafuta chanzo cha kifo.

"Unajua kwa nini nimekuita?" akamuuliza.

"Najua wanachosema. Kwamba nimeua mashine zao kabla sijaondoka."

Kampuni ile ilitengeneza mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili, zinazoumbwa ndani ya kompyuta kubwa na kuishi humo kama wapangaji kwenye nyumba moja, kila mmoja akidhani nyumba ni yake. Mashine hizo zilikuwa zimeahidiwa kusimamia majokofu ya benki za damu katika hospitali za Delta ya Mto Nile. Kabla ya kupelekwa huko zilijaribiwa kwenye seva moja, kompyuta kubwa ya kampuni. Msimbo wa majaribio ulizizalisha kwa mamia, ukazitwisha kazi ngumu, kisha ukaandika ipi imefaulu na ipi imeshindwa.

Tangu mwezi uliopita zilikuwa zinakufa. Hazikufa zote. Ilikufa moja hapa, mbili pale, na kwa kila maiti msimbo wa majaribio uliandika maneno mawili tu: *Mashine imekufa.* Imekufa na nini, haukusema. Ilikuwa inafanya nini, haukusema.

Vifo vilianza wiki ileile ambayo Moaz aliingiza badiliko lake kubwa la mwisho na kuaga kazi. Mkurugenzi, Mamdouh Tolba, alijumlisha hayo mawili akapata hujuma. Akamzuilia Moaz cheti cha kumaliza kazi. Bila cheti hicho waajiri wa Muscat wasingempokea, nao walikuwa wamesema watamsubiri hadi mwisho wa wiki, basi.

"Badiliko lako linafanya nini?"

"Linaifundisha mashine kurudisha memori isiyoitumia, ili wenzake waipate."

"Ukikosea hapo, mashine inaweza kufa?"

"Inaweza."

"Ulikosea?"

Moaz alitazama maji yaliyokuwa yakitiririka chini ya dirisha. "Sijui, Injinia. Na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nimesoma kila mstari hadi macho yameingia ukungu. Ingekuwa inaacha hata neno moja kabla ya kufa, ningekwambia ndiyo au hapana."

Shahinda alipenda jibu hilo. Katika kazi yake, wenye hatia huapa. Akamuuliza habari za nyumbani, kwa kuwa mtu akizungumzia nyumbani husahau kujilinda. Moaz akasema mkewe Nourane amejifungulia Muscat, kwa mama yake, mtoto wa kike. Yeye hajamwona isipokuwa kwenye simu, na mtandao wa mama mkwe ni wa kusuasua, kwa hiyo mpaka sasa amefanikiwa kuona vizuri kidevu tu. Alisema ni kidevu kizuri.

Mume wa Shahinda alikuwa Kuwait, na huja kila kiangazi kama ndege wa msimu. Hilo hakumwambia. Alimshukuru, akamruhusu aende.

Aliyefuata alikuwa Ustadh Fikri Bastawros, mkuu wa majaribio. Alikuwa mgane aliyekaribia kustaafu, mwenye vidole virefu na visikilizio vikubwa vilivyoning'inia shingoni mwaka mzima. Msimbo wa majaribio aliuandika yeye, zamani, kabla nusu ya wafanyakazi hawajajua kusoma. Alimkaribisha Shahinda chai, akasogeza kiboksi cha kaseti za zamani ili kikombe kipate nafasi, akamwambia kwa upole kwamba anapoteza muda wake.

"Umeme, binti yangu. Dhoruba ya Qasim, hii ya kila Desemba, ikivuma, umeme wa Smouha unakonyezakonyeza kama bibi harusi. Mashine inazirai, basi."

Shahinda aliifuatilia njia hiyo kwa heshima yote. Alishuka kwa fundi wa jengo, akazikuta betri za seva zikiwa nzima. Akapanga tarehe za vifo kando ya tarehe za dhoruba. Mashine nyingi zilikufa siku ambazo bahari ilikuwa shwari na watu wanakula viazi vya kuchoma barabarani. Haukuwa umeme.

Akashika njia ya pili. Aliondoa badiliko la Moaz lote kwenye nakala moja ya mashine, akaiendesha. Ilipofika alasiri, mashine zilikufa kama kawaida.

Alipompelekea mkurugenzi habari hiyo, Mamdouh Tolba hakulegea. Alisema mtu anayeondoka kwa nia mbaya hatoboi tundu moja, na kama hili silo, basi liko lingine.

"Bwana Mamdouh, tunazunguka kaburi ambalo halina maiti," Shahinda akamwambia. "Nipe ruhusa niguse msimbo wa majaribio."

"Wa majaribio? Mgonjwa ni mashine, na wewe unataka kumtibu daktari?"

"Daktari wako anaosha maiti na kuizika kabla hajaandika imekufa na nini. Ndiyo. Nataka kumtibu yeye kwanza."

Mkurugenzi alifikiri kidogo, akatia saini.

Shahinda aliusoma msimbo ule asubuhi nzima, akaona alichokitarajia. Mashine ilipokufa, msimbo haukuuliza ilivyokufa. Ulijua tu kwamba haijibu. Kisha, kwa unadhifu wa mtu anayeishi kwenye nyumba ndogo, ulifuta chumba cha marehemu chote, pamoja na maneno yake ya mwisho, ili kuokoa nafasi. Zamani, diski zilipokuwa ghali, hiyo ilikuwa busara. Sasa ilikuwa sawa na kupiga deki kabla polisi hawajafika.

Alibadili mambo matatu. Kwanza, msimbo usome ishara ya kifo. Mfumo wa kompyuta hutofautisha mashine iliyoanguka kwa kosa lake yenyewe na mashine iliyonyongwa na mkono wa nje. Ishara za vifo hivyo viwili si moja, lakini hakuna aliyekuwa akizitazama. Pili, chumba cha marehemu kisifutwe. Kila mstari ambao mashine iliandika kwenye kioo chake kabla ya kunyamaza uhifadhiwe. Tatu, dakika ya kifo ipigwe picha ya seva nzima: nani yumo ndani, na kila mmoja anakula memori kiasi gani.

Fikri alikaa kando yake akimtazama akifanya hayo. Hakuzuia. Alimsahihisha mara moja, pale Shahinda alipokosea jina la kigezo, kisha akarudi chumbani kwake.

Wakasubiri. Mchana ulipita. Watu walirudi kutoka kula koshari, harufu ya kitunguu cha kukaanga ikapanda ngazi pamoja nao. Kisha mashine ya kwanza ikafa, na kwa mara ya kwanza tangu kampuni ifunguliwe, msimbo wa majaribio uliandika zaidi ya maneno mawili.

*Mashine imeuawa kutoka nje. Haikuwa na kosa lolote kabla ya kifo.*

Shahinda alisoma maneno ya mwisho ya marehemu. Yalikuwa ya mashine yenye afya, iliyokuwa katikati ya hesabu, mstari umekatika kama sentensi ya mtu aliyezibwa mdomo. Hakukuwa na malalamiko wala dalili ya kuumwa. Aliyeiua ni seva yenyewe. Seva inapoishiwa memori humtafuta mpangaji mnene miongoni mwa mashine pepe na kumtoa kafara ili wengine wapone.

Basi swali halikuwa tena nani ametia sumu kwenye mashine. Lilikuwa nani anakula chakula cha wote.

Picha ya seva ilimjibu. Katikati ya mashine pepe, kama ng'ombe aliyeingia kwenye banda la kuku, kulikuwa na programu moja ambayo haikuhusiana na majaribio. Ilikuwa imemeza karibu nusu ya memori yote. Jina lake lilikuwa *sauti-safi*. Iliendeshwa kwa akaunti ya pamoja ya idara ya majaribio.

Funguo za akaunti ile walikuwa nazo watu watatu. Moaz alinyang'anywa wake siku aliyoshukiwa. Mkurugenzi alikuwa nao kwenye droo na hakujua hata unavyoingizwa. Shahinda akarudi nyuma kidogo, akatazama jambo ambalo lilikuwa limemfunga Moaz tangu mwanzo, yaani wiki ya kuaga. Moaz alipoaga, aliacha kazi zake nzito alizozoea kuziendesha kwenye seva kila alasiri. Kwa hiyo tangu wiki ile, alasiri kulikuwa na nafasi tupu. Mtu mmoja aliiona nafasi hiyo akaitumia. Vifo havikumfuata Moaz. Vilifuata pengo lake.

Aliteremka akanunua vikombe viwili vya sahlabu, maziwa mazito ya moto, kwa muuzaji wa pembeni mwa reli ya tramu, akapanda, akaingia chumbani kwa Fikri bila kubisha. Mzee alikuwa amefumba macho, visikilizio masikioni. Shahinda aliweka vikombe mezani, akakaa, akamngoja hadi alipofumbua macho mwenyewe.

"Ustadh, sauti-safi ni nini?"

Fikri hakukana. Alivua visikilizio, akampa.

Ilikuwa sauti ya msichana. Nyuma yake kulikuwa na kuku, na mlango uliokuwa ukigonga. Alikuwa akilalamika kwamba baba yake amepaka ukuta rangi ya kijani kama hospitali, akacheka, akaita "Fikri" kwa namna ambayo watu huita jina wakiwa wanajua mwenye jina hayuko karibu. Kisha upepo wa kaseti ukamfunika.

Mzee alieleza huku akitazama kikombe. Ujanani, kama vijana wengi wa wakati ule, alikwenda Baghdad kufanya kazi za umeme. Demiana, mchumba wake kisha mkewe, alichukia kuandika. Alikuwa akijirekodi kwenye kaseti na kumpa mtu yeyote anayesafiri. Alipofariki masika yaliyopita, Fikri alizikuta zote kwenye sanduku chini ya kitanda, zimeliwa na unyevu wa bahari, sauti imezama chini ya mvumo. Akapata programu inayoweza kuitoa sauti humo. Kompyuta ya nyumbani ilishindwa. Seva ya kazini ilikuwa na nafasi alasiri.

"Ulijua lini kwamba ndiyo inayoua mashine?"

"Mwanzoni sikujua."

"Nimeuliza lini."

Fikri alisugua vidole vyake. "Wiki ya pili nilihisi. Sikuangalia. Ningeangalia ningejua, na ningejua ningelazimika kuacha. Halafu wakamshika kijana, nikajiambia kaseti zikiisha nitasema. Imebaki moja."

"Baghdad ulikaa muda gani bila kumwona mkeo?"

"Miaka minne."

"Basi ulijua unamfanyia nini Moaz."

"Nilijua kuliko mtu yeyote katika jengo hili," akasema Fikri. "Ndiyo maana nilikuwa navivaa hivi mpaka kwenye korido. Akipita nisimsikie."

Akageukia kioo cha kompyuta, na kabla Shahinda hajamwambia, akaizima programu ile. Kaseti ya mwisho ilikuwa katikati. Programu haikuhifadhi kitu.

Taarifa ya Shahinda ilikuwa fupi, na jina la Fikri lilikuwemo. Mkurugenzi aliisoma mara mbili. Alitaka mzee afungashe siku hiyohiyo. Shahinda alimwomba angoje mzunguko mmoja safi wa majaribio ukamilike, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua pembe zote za msimbo ule, na benki za damu zilikuwa zinangoja jibu, si adhabu. Mamdouh Tolba akakubali kwa kununa. Kisha akagonga muhuri kwenye cheti cha Moaz, akakisukuma mezani bila neno la samahani.

Moaz alikuja kukichukua asubuhi iliyofuata, begi mkononi. Alimshika Shahinda mkono kwa mikono yote miwili. Alipopita mbele ya chumba cha Fikri hakugeuza shingo. Mlango ulikuwa wazi.

Majaribio yaliendelea tangu asubuhi, seva ikiwa na mashine peke yake. Ilifika adhuhuri, hakuna maiti. Watu walianza kupita chumbani kwa Shahinda wakitia mzaha, mmoja akiuliza kama wanaweza kufanya arobaini ya marehemu sasa. Fikri alikaa pembeni, akitazama namba zikipanda, bila kujibu mzaha wa mtu.

Alasiri, mashine moja ikafa.

Shahinda aliusoma ujumbe kisha akausoma tena. *Mashine imeanguka yenyewe. Imegusa memori isiyo yake.* Memori ya seva ilikuwa tele. Hakuna aliyeinyonga hii. Na maneno yake ya mwisho yalikuwepo, kamili: ilikuwa ikirudisha ukurasa wa memori, yaani kipande chake kimoja, kwa seva, kisha ikajaribu kuusoma ukurasa uleule iliokwisha kuurudisha.

Ilikuwa kazi ya Moaz. Siku zote hitilafu hiyo ilikuwa humo, imefichwa chini ya maiti za wengine, na pengine ilitokea mara moja tu katika mamia. Lakini majokofu ya damu yangekuwa na mamia ya siku.

Fikri alikuwa ameshaona. Alizungumza kwa sauti ya chini. "Hili tumeliona mimi na wewe tu. Ndege yake haijaruka. Mamdouh akisikia atapiga simu uwanjani amzuie." Akavuta kibodi karibu. "Andika ni kosa langu. Mimi nimeshachafuka, doa moja zaidi halinidhuru."

"Nikiandika ni lako, litatengenezwa pahali pasipo pake," Shahinda akasema. "Na jokofu litazimika katika hospitali ya Tanta au Damanhur, na sisi tutaulizana tena imekufa na nini."

Akapiga simu, akaiweka mezani, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Moaz, ni Shahinda. Uko wapi?"

"Borg El Arab. Nimeshakabidhi begi. Kuna nini?"

"Mashine moja imekufa. Safari hii imekufa yenyewe."

Zilisikika kelele za uwanja wa ndege, mtoto wa mtu akilia. "Kwenye badiliko langu?"

"Kwenye lako."

Shahinda alitegemea ubishi. Moaz aliuliza, "Imesema nini kabla ya kufa?"

Akamsomea, mstari kwa mstari. Upande wa pili Moaz alitoa pumzi, na pumzi hiyo ilikuwa karibu na kicheko. "Imesema," akasema. "Mwezi mzima nimekuwa nikiibembeleza iseme." Kisha akauliza nani yuko kwenye kibodi.

Shahinda alimtazama mzee. "Ustadh Fikri."

Mtangazaji wa uwanja aliita abiria wa Jeddah, akawaita tena. Fikri alikuwa amenyanyua mikono kutoka kwenye kibodi kama mtu aliyeambiwa asiguse.

"Ustadh, unanisikia?" akasema Moaz.

"Nakusikia, mwanangu."

"Nenda pale ninaporudisha kurasa. Chini kidogo. Umeona ninapouliza kama ukurasa bado unatumika?"

"Nimeona."

"Nauliza baada ya kurudisha. Uliza kabla."

Vidole virefu vikaanza kuandika. Fikri alisoma alichoandika kwa sauti. Moaz akamwambia hapana, afute sharti la pili, litaifanya mashine ingoje bure. Fikri akafuta. Akasoma tena, polepole, kama mtu anayesoma anwani kwa dereva mgeni.

"Sawasawa," akasema Moaz. "Iendeshe."

Fikri akaiendesha. Upande wa pili mtangazaji aliita Muscat.

"Imepona?" Moaz akauliza. Sauti yake ilikuwa imeanza kutembea. Alikuwa kwenye foleni. "Injinia, imepona?"

Mzunguko ulikuwa umeanza tu. Usingekwisha kabla ya magharibi. Ingetosha Shahinda kusema ndiyo, na hakuna katika chumba kile ambaye angemlaumu.

"Hatujui bado," akasema. "Panda ndege."

"Na ikifa?"

Fikri ndiye aliyejibu, mdomo wake karibu na simu. "Ikifa itatuambia imekufa na nini, nami nitakuwa hapa niisikie. Wewe nenda, mwanangu. Usimwache mtu akikungoja."

Moaz alisema jambo, lakini mtu alikuwa akimwomba pasi na tiketi, na maneno yakapotea. Kisha simu ikakatika. Nje mvua ilianza tena kupiga dirisha. Kwenye kioo mashine zilikuwa zinazaliwa moja baada ya nyingine, na wale wawili walivuta viti karibu, wakakaa kuzitazama.